Nywele Nilizomwekea Baba

Bibi aliniomba nisinyolewe mpaka baba arudi, nami nikakubali. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani, kitambaa shingoni, mama amesimama nyuma yangu na wembe mkononi. Ilitosha niseme, "Bibi, kichwa kinaniwasha, acha ninyolewe." Maneno hayo yalikuwa mdomoni kabisa. Sikuyasema. Nikiwa mtu mzima mwenye akili timamu nimekata mashauri mengine mabaya, na baadhi yake watu wanayajua. Lakini ningepewa nafasi ya kurudi nyuma nikatae jambo moja tu, ningerudi kwenye kigoda kile.

Kilichonikumbusha ni harufu. Hapa Bakoba, mtaa wa mji wa Bukoba, ninakaa na binti yangu na watoto wake. Juzi mjukuu wangu wa kike alirudi kutoka shuleni akijikuna nyuma ya masikio kama kuku mwenye utitiri. Jirani akaleta ushauri wake pamoja na chupa ya mafuta ya taa. Binti yangu alipofungua tu kizibo, harufu ile ikanifikia barazani nikasimama bila kujua ninakwenda wapi.

"Usimpake hayo," nikamwambia. "Yanaunguza ngozi, na chawa hawaondoki."

"Baba, tangu lini umekuwa mtaalamu wa chawa?"

"Tangu kabla mama yako hajazaliwa. Tafuta kichana chenye meno ya kubanana. Anzia nyuma ya masikio. Na ukague kila kichwa humu ndani, siku hiyo hiyo. Usiache hata kimoja."

"Na chako?"

"Na changu."

Akanitazama upara akacheka mpaka akashika mlango. "Baba, wewe huna hata pa kuwalaza!"

Alikikagua hata hivyo, kwa heshima. Tukamaliza kazi ile kwa siku chache, mtoto akalala vizuri, nami nikabaki barazani na mambo ya zamani.

Kwetu ni upande wa Nshamba, huko Muleba. Baba yangu alikuwa amekwenda Uganda, kwenye kinu cha kukobolea kahawa karibu na Masaka, kama walivyofanya wanaume wengi wa kwetu. Kila Krismasi alirudi na sukari, sabuni ya kunukia na vitambaa. Halafu tukasikia kwamba huko ng'ambo wanajeshi wamechukua nchi. Watu waliokuwa wakivuka mpaka kama wanaovuka kijito wakaacha kuvuka. Krismasi ikafika, baba hakuja. Mwaka mpya ukaanza. Wanaume wawili wa kijijini waliorudi kwa kujificha porini walipoulizwa habari zake walitazama chini wakasema walitengana njiani.

Nyumbani tulikuwa mama, Bibi mzaa baba, wadogo zangu Adela na Faustini, na Koku. Koku alikuwa mtoto wa dada yake mama aliyefariki Hamugembe, mjini Bukoba. Baba yake alipooa mke mwingine, mama alikwenda kumchukua. Alikuja na furushi la nguo na kichana cha pembe kilichokuwa cha marehemu mama yake, chenye meno yaliyobanana hata uzi haupiti. Alinizidi umri kidogo, lakini tuliwekwa darasa moja, la tatu, kwenye dawati moja. Alikuwa akisoma kwa sauti mbele ya darasa bila kusitasita, na mimi nilikuwa nikimtegemea katika hesabu. Mama alisema, "Huyu ni dada yako," na sikuwahi kuhitaji maelezo mengine. Bibi alimwita "mtoto wa mjini."

Watoto wote wanne tulilala safu moja, kwenye mikeka iliyotandikwa juu ya majani makavu, chini ya blanketi moja. Koku ukutani, mimi kando yake, kisha wadogo. Vichwa vyetu vilikuwa vikigusana kama ndizi za chane moja. Kwa hiyo chawa walipoingia shuleni mwaka ule, haikuwapasa kusafiri mbali.

Shule yetu ilikuwa na ukaguzi kila Jumatatu, baada ya mchakamchaka na kabla ya kwenda shamba la ujamaa la shule. Mwalimu Paskazia, aliyesimamia afya, alipita mstarini na kijiti cha kupekulia nywele. Zilikuwa ni siku ambazo kila jambo lilielezwa kwa siasa, naye hakutaka chawa wabaki nyuma.

"Chawa ni nani?" aliuliza.

"Mnyonyaji!" tulijibu shule nzima.

"Anaishi kwa nini?"

"Kwa damu ya wenzake!"

"Tumfanye nini?"

"Tumng'oe!"

Mjane mmoja aliyekuwa akipita na kuni alisimama akasikiliza, akauliza kama serikali imetangaza vita tena.

Siku moja Mwalimu aliwakuta Adela na Faustini wana chawa, akawanyoa hapo hapo shuleni, vipara vinavyong'aa. Walirudi nyumbani njia nzima wakishikwa vichwa na kila waliyekutana naye. Mama alipowaona akasema ni heri, wacha amalize kazi. Akamkalisha Koku kwenye kigoda akamnyoa. Koku alipoinuka, mimi nikakaa. Ndipo tulipomsikia mtu analia kwenye migomba.

Alikuwa Mama Eudia, jirani yetu wa bondeni. Alikuja amejifunga kanga kiunoni, mikono kichwani, na binti yake nyuma amebeba mkungu wa ndizi.

"Yee waitu! Yee jamani! Mbona hamkutuma mtu? Mnamlilia peke yenu kama hamna majirani!"

Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Eudia, amekufa nani?"

"Ninyi ndio mnajua! Watoto nimewaona njiani wamenyolewa. Huyu naye amenyolewa. Na huyu wa kiume yuko chini ya wembe."

Hapo kila mtu uani akaelewa, isipokuwa sisi wadogo. Kwetu mwenye nyumba akifa, siku ya kumaliza matanga watu wake wote hunyolewa kwa pamoja. Watoto kupangwa mbele ya wembe, mmoja baada ya mwingine, huku baba yao hajulikani aliko, ilikuwa ni kama kupiga ngoma ya msiba.

"Hajafa mtu," alisema Bibi. "Ni chawa."

"Chawa?"

"Chawa, Eudia."

Mama Eudia akashusha mikono taratibu. Akautazama mkungu wake, akamtazama binti yake. "Basi," alisema mwishoni, "mpike tu."

Mama alicheka. Bibi hakucheka. Mgeni alipoondoka alimwendea mama akamtoa wembe mkononi bila ukali wowote.

"Mama Deo, huyu hanyolewi."

"Mama, chawa hawajui desturi."

"Kifo kinaijua." Kisha akachuchumaa mbele yangu, akanishika magoti. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na ilimbidi asogee karibu ili anione. "Wewe ni mtoto wake wa kwanza wa kiume. Kikibaki kichwa kimoja chenye nywele hapa nyumbani, hakuna atakayesema tumemwombolezea. Utakaa hivyo mpaka arudi, Tata? Utaweza?"

Tata ni baba kwa Kihaya. Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Nikasema ndiyo.

Bibi alikuwa akizungumza juu ya majirani na midomo yao. Mimi nilisikia jambo jingine kabisa. Nilisikia kwamba nywele zangu ndizo zinazomshikilia baba duniani. Zikiwapo, yupo. Zikiondoka, naye ataanguka mahali alipo, katika barabara ya Masaka au porini, na hatajua kilichomwangusha. Sikumwuliza mtu kama ndivyo, kwa sababu jambo lenyewe lilionekana wazi. Nilipojikuna na unywele ukabaki kwenye kucha, niliuweka ndani ya mfuko wa kaptula yangu ya kaki. Mfuko ule ulikuja kuwa na kifungu kidogo cha nywele kama kiota cha panya. Kila mama alipofua nilikihamishia kwenye ufa wa ukuta.

Mwalimu Paskazia hakutaka nywele ndefu, kwa hiyo Bibi akatoa hukumu nyingine: mkasi si wembe. Mama akawa ananipunguza kwa mkasi, nikabaki na nywele za kufunika ukucha, na chawa hawakuona tatizo lolote. Kila Jumapili tulipotoka misani Bibi alinilaza kichwa mapajani mwake akanipaka mafuta ya taa kwa kitambaa, au akaniosha kwa maji ya tumbaku yaliyochemshwa. Ngozi iliungua mpaka machozi yakanitoka. Kisha alinisogeza kwenye mwanga wa mlango, akapekua kwa macho yale yenye ukungu, akatangaza, "Safi kabisa." Nami nilikuwa nawasikia wanatembea.

Kwa wadogo na Koku aliruhusu wembe, lakini kwa zamu. Jumamosi moja Adela, nyingine Faustini, nyingine Koku, ili jirani asione vipara viwili vipya kwa pamoja. Zamu ilipomfikia wa mwisho, wa kwanza alikuwa na nywele za kutosha kupokea wageni tena. Mama alichemsha nguo, alibadilisha majani ya kulalia, alichoma mkeka. Ukipita muda kidogo wanarudi. Hakujua wanatoka wapi, maana kichwa nilichokuwa nacho mimi kilikuwa kinakaguliwa na Bibi kila Jumapili, na mkamwana haendi kukagua nyuma ya mama mkwe wake.

Aliyejua ni Koku. Kila Jumatatu alfajiri tulikwenda kisimani mapema kuliko wengine. Tukishajaza vibuyu, alikaa kwenye jiwe, akatoa kichana cha mama yake.

"Inama."

"Usivute."

"Nisipovuta, Mwalimu atakuvuta sikio. Inama." Alianzia nyuma ya masikio, akashuka shingoni, akapanda utosini. Aliowatoa aliwaponda kati ya kucha mbili na kuwapa vyeo. "Huyu mnene ni mwenyekiti wa kijiji. Huyu ni katibu, ona anavyokimbia. Deo, una halmashauri nzima humu! Wanafanya mkutano."

Nilicheka huku nimeinama, pua karibu na maji. Halafu nikamwambia asimwambie mtu.

"Nimwambie nani? Bibi yenu hata shikamoo yangu haitikii."

"Ukisema watanyoa. Wakinyoa, baba atakufa."

Kichana kikasimama. "Nani kakuambia hivyo?"

"Bibi."

Kisimani hapo kulikuwa na ndege mdogo aliyekuwa akija kunywa, nakumbuka alikunywa akaruka. "Mimi walininyoa mama alipokufa," alisema. "Walininyoa baada ya kumzika, Deo. Si kabla."

Leo mtu yeyote angeona kwamba alikuwa amenipa jibu lote. Mimi niliona tu kwamba anamzungumzia mama yake na kwamba nisiseme neno. Hakuendelea kunieleza. Alisema tu, "Haya, inama," akamaliza upande uliobaki. Hakuniuliza tena. Kila Jumatatu nilipita ukaguzi, na kila Jumatatu yeye aliyekuwa ameniinamia akinichana alirudi darasani akijikuna.

Mvua za masika zilipoanza Adela alipata vidonda kichwani, akarudishwa nyumbani. Mwalimu akasema chawa wakionekana tena, watoto wa nyumba yetu wote watakaa nje ya shule mpaka aridhike. Mama aliogopa. Bibi alikasirika. Alimwita Koku mlangoni penye mwanga, akampekua muda mrefu, akamwona mmoja. Kwa macho yale yale yaliyokuwa hayaoni kitu kwangu, alimwona mmoja kwa Koku.

"Nilisema mimi. Chawa wa mjini. Kabla hajaja huyu tulikuwa na chawa hapa?"

"Mama," alisema mama, "mtoto huyu tumemnyoa mara ngapi?"

"Ndiyo maana yake! Unanyoa, wanarudi. Wako damuni mwake. Mtoto wa huzuni huwa nao damuni."

"Ni yatima, Mama. Hana kosa."

"Ana baba yake Hamugembe. Mrudishe kwa baba yake kabla hawa wengine hawajafukuzwa shule."

Koku hakulia. Hakusema, "Deo ndiye anao." Aligeuka akanitazama, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayejua jibu, akimsubiri anyooshe mkono. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika zile nywele.

Mama akageukia kwangu. "Deo, wewe kichwa chako kisafi?"

"Ndiyo, mama. Bibi amekikagua."

Koku akaacha kunitazama.

Aliondoka siku iliyofuata na gari la mizigo lililokuwa linapeleka kahawa Bukoba, mama akimsindikiza. Kabla hajapanda alinipa kichana cha pembe. "Utajichana mwenyewe," alisema. "Anzia nyuma ya masikio." Sikumwambia asante wala kwa heri. Nilikuwa nawaza tu kwamba baba bado yuko hai.

Chawa hawakuondoka na Koku. Bibi alinyamaza kuhusu jambo hilo, na mama hakulisema kwa sauti, lakini niliwaona wote wawili wakikwepa kutazamana Adela alipoanza kujikuna upya. Nilijaribu kujichana kisimani peke yangu, nikaumia, nikaacha.

Baba alirudi wakati wa kuanika kahawa. Ilikuwa mchana wa jua kali, sisi watoto tumepewa kazi ya kugeuza buni kwenye mikeka kwa mikono. Mtu akatokea kwenye njia ya migombani, suruali imekatika magotini, nywele zimesimama kama kichaka, ndevu mpaka kifuani. Faustini alipiga kelele, "Kichaa!" akakimbilia ndani. Yule mtu akataka kusema kitu, akashikwa na kikohozi. Bibi alikuwa ndani anamenya ndizi. Alikitambua kile kikohozi kabla hajamwona mwenyewe. Nilisikia kisu kikianguka.

Alitoka, akamzunguka, akamshika mikono, mabega, mgongo, kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni. Mwishowe akamshika kichwa, na mara hiyo hiyo akaurudisha mkono wake nyuma.

"Mwanangu! Umerudi na mifugo!"

"Ndiyo mali pekee niliyovuka nayo mpaka, Mama," alisema baba. Kisha wakaanza kulia wote wawili, na mama akaja kutoka shambani na jembe begani, akasahau kulitua.

Bibi ndiye aliyeacha kulia wa kwanza. "Leteni wembe," alisema. "Leo wananyolewa wote. Wote! Faustini, kimbia kamwite Mama Eudia. Mwambie aje aone watoto wananyolewa na mwenye nyumba yao amekaa anatazama."

Mama Eudia alikuja mbio, akasimama ukingoni mwa uwanja akajipiga mapaja. "Safari hii sikuleta ndizi!" alisema. "Kila nikileta ndizi hapa hafi mtu!"

Baba alinyolewa wa kwanza, na chini ya kile kichaka akatokea mtu tuliyemjua. Wakafuata wadogo. Mama akavua kilemba chake akanyolewa na Bibi. Bibi naye akavua kitambaa, tukaona mvi zake kwa mara ya kwanza, akanyolewa na mama. Mimi nilijificha nyuma ya ghala mpaka walipoanza kuniita kwa jina.

Nilikaa kwenye kigoda kile kile. Baba alikuwa amekaa mbele yangu kwenye mkeka, amewekewa sahani ya ndizi na maharage, anakula kwa pupa. Mama aliposhusha wembe mara ya kwanza, sikutazama nywele zilizoanguka, nilimtazama yeye. Kila wembe uliposhuka nilingoja kijiko kimponyoke. Machozi yalinitiririka, watu wakadhani ni furaha. Upande wa kushoto ukaisha, anatafuna. Utosi ukaisha, anakunywa maji. Mama akapitisha wembe wa mwisho nyuma ya shingo, akanipangusa na kitambaa chenye maji. Nilikuwa kipara kabisa, na baba yangu akainua kichwa akasema, "Jamani, hakuna chumvi?"

Sijawahi tena maishani kusikia neno lililonipa raha kama lile. Upepo wa jioni ukapita kichwani, baridi, kila mahali kwa pamoja, nikahisi kama nimevua mzigo wa kuni niliobeba tangu asubuhi. Nilikwenda kwenye ufa wa ukuta nikatoa nywele zangu zote nilizozihifadhi, nikazitupa motoni pamoja na zile nyingine. Zilidatika kama senene kwenye kikaango. Tukachemsha blanketi na nguo, tukachoma majani ya kulalia, tukakata mengine mabichi. Usiku ule tulilala wote bila kujikuna, na chawa hawakurudi tena katika nyumba ile.

Lakini nimeruka kitu. Wakati ananinyoa, mama aliwahi kusimamisha wembe. Nywele zilizoanguka kwenye goti langu zilikuwa zinatembea. Mayai yalikuwa yamejaa mpaka shinani, ya zamani na mapya.

"Hawa hawakuja leo," alisema polepole. "Deo. Hawa wamekuwa hapa tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na shuleni ulipitaje?"

"Koku alikuwa ananichana."

Mama alimtazama Bibi, na Bibi akaanza kuokota maganda ya ndizi yaliyokuwa hayahitaji kuokotwa. Mama akaendelea kuninyoa, kwa mkono laini kuliko ule wa mwanzo, na hilo liliniumiza kuliko kofi.

Asubuhi baba alihesabu watoto wake kwa macho akauliza, "Koku yuko wapi?" Mama akamweleza yote. Hakunipiga. Alipata nguvu kidogo, akaazima baiskeli, akaenda Hamugembe. Alirudi jioni ya siku iliyofuata, na kiti cha nyuma cha baiskeli kilikuwa kitupu. Baba yake Koku alikuwa amemtoa aende Mwanza kulea watoto wa ndugu wa mke wake. Alikuwa amepanda meli majuma kadhaa nyuma. Wazazi wangu walituma watu wamwulizie, mara wakaambiwa amehama, mara wakaambiwa ameshazoea. Mwishowe ikawa ni jambo la kusema, "Tulikuwa na mtoto fulani hapa."

Mimi nilimaliza shule ya msingi, nikafika sekondari, nikafanya kazi ya ukarani. Koku alirudi Bukoba akiwa mama wa watoto, akajenga Hamugembe, akauza dagaa sokoni. Miaka mingi nilinunua dagaa sehemu nyingine ili nisipite mbele yake. Nilipomwendea hatimaye, tayari nilikuwa na mvi. Nilimpelekea kichana cha mama yake, nikamwambia nilichopaswa kusema mlangoni siku ile. Alikigeuza kichana mkononi, akakijaribu meno kwa kidole.

"Ulikuwa mtoto, Deo," alisema. "Na baba yako alirudi. Ningeambiwa mimi kwamba nywele zitamzuia mama asife, ningefuga mpaka za miguuni." Kisha akacheka kicheko kile cha kisimani, akaniwekea dagaa kwenye mfuko, akakataa nisilipe. Nilitoka pale nimepumua, na nimekuwa nikipumua tangu siku hiyo.

Tunasalimiana vizuri. Ananiita mzee, kama anavyowaita wateja wake wote. Nikimtumia ujumbe wa simu anasomewa na mjukuu wake. Anasema ni macho, na labda ni macho.

Baba angerudi hata kama ningenyolewa siku ile. Alikuwa tayari njiani, na nywele zangu hazikumsogeza hata hatua moja. Kilichofanywa na nywele zile ni hiki: zilimtoa Koku shuleni akiwa darasa la tatu, asirudi tena, na mimi nikakua bila dada.